Maneno Yaliyoandikwa kwenye Unga

Walisema nitafunga shule yangu ya chekechea kabla mahindi hayajafika magotini. Aliyesema hivyo ni baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, kule kwake Tongaren, na alisema akiwa ameshika muwa, anaumenya kwa meno, bila hata kunitazama. Wengine walisema vibaya zaidi. Jirani mmoja wa Kitale aliniuliza mbele ya watu kama diploma yangu ilikuwa ya kufuta kamasi. Dada yangu mkubwa, ambaye ananipenda kuliko watu wote, alinivuta nyuma ya nyumba akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilifukuzwa kazi Nairobi na sasa naona haya kusema.

Sikufukuzwa. Niliacha mwenyewe, na mkuu wa shule niliyofanyia kazi alinisihi nibaki.

Nilikuwa nimeondoka nyumbani na cheti cha darasa la saba na viatu vya kaka yangu. Nairobi nilipata kazi ya kufagia katika shule ya chekechea ya watoto wa matajiri, shule yenye bustani na bembea. Wenzangu walifagia. Mimi nilifagia nikitazama. Niliona jinsi mwalimu anavyomfanya mtoto mdogo asimame mbele ya kadi, acheke, alitamke neno lililoandikwa hapo, kisha akimbie kutafuta jingine chini ya kiti. Nilifanya mitihani ya sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikisoma ndani ya chumba cha mafagio. Halafu nikaingia masomo ya jioni ya diploma ya kufundisha watoto wadogo. Darasa lilijaa akina mama. Wanaume tulikuwa wawili, na mwenzangu aliacha. Mimi nilimaliza nikiwa wa pili. Mama aliyenishinda alikuwa amefundisha miaka mingi kuliko ile niliyofagia, kwa hiyo sikuona vibaya. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala mbunge, wala padri. Diploma ile ni jasho langu, na mpaka leo iko ukutani, ndani ya kioo.

Kwa hiyo niliporudi, miaka ya themanini ikielekea mwisho, nilijua ninachorudia. Ukifungua ukurasa wowote wa Kiswahili, hata gazeti la kufungia nyama, kuna maneno madogo ambayo hayakosi: na, ya, wa, ni, kwa, hii, hapa, yake, sana, leo. Hayo ndiyo yanayobeba mengine. Mtoto akiyajua kwa sura, kama anavyomjua mama yake kwa mbali sokoni bila kuanza kukagua pua na macho, ukurasa haumtishi tena. Anauingia kama mtu anayeingia kwenye harusi ya nyumbani, ambako wageni hawamtishi kwa sababu wenyeji ni wake. Na sura ya mtu haifundishwi kwa kiboko. Unaijua kwa kukutana naye mara nyingi, na mtoto hukubali kukutana na kitu mara nyingi kama anakicheza.

Jambo hilo baba mdogo hakulielewa.

"Unataka nini, kijana?" aliniuliza alipomaliza muwa wake.

"Mahindi, baba. Ya uji wa watoto. Magunia mawili."

"Na hiyo diproma yako haiwezi kupika uji?"

"Hiyo ni ya kufundisha kusoma."

"Kufundisha watoto wadogo hivi? Wakiwa wanacheza?" Akamgeukia mke wake aliyekuwa anapepeta maharagwe. "Umesikia? Ati wanacheza ndio wanasoma. Basi mbuzi zangu zote ziko na digrii."

"Mpe bana," mama mdogo alisema huku akicheka. "Si ni mtoto wetu?"

"Nampa. Lakini ni mkopo. Akifunga shule, anarudisha. Asipofunga, anarudisha. Na arudishe mahindi, asiniletee maneno."

Ndivyo nilivyopata mkopo wa kwanza. Mingine niliipata Kitale, kwa sababu huko ndiko nilikotaka kuanzia. Mjini kulikuwa na shule moja kubwa ya msingi ambayo kila mzazi aliitaka, na kila Januari watoto waliotaka kuingia darasa la kwanza waliitwa kufanyiwa mtihani mdogo wa kusoma. Aliyeshindwa alirudi nyumbani kukaa mwaka mzima akichunga kuku. Nilitangaza kwamba watoto wangu wataupita. Nilitangaza kwa sauti, sokoni, na sijuti.

Chumba nilikopeshwa na mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga unga. Kilikuwa stoo yake, kimegusana na mashine ukuta kwa ukuta. Viti nilikopeshwa na mama mmoja kiongozi wa akina mama kanisani: mabenchi ya kanisa, ambayo nilipaswa kuyarudisha kila Jumamosi jioni na kuyachukua tena Jumatatu asubuhi, kichwani, moja moja. Chaki, rangi ya mafuta na makatoni matupu nilipewa na bwana mwenye duka karibu na msikiti. Yeye hakuwa na shaka nami hata kidogo. "Mwalimu, wallahi, mimi mwenyewe nilisomea mchangani kwa kidole," aliniambia. "Chukua. Utanilipa Mungu akikupa."

Mzee wa mashine hakusema Mungu. Alisema Januari. Mjukuu wake, msichana mdogo mwenye kinywa kisichonyamaza, alikuwa miongoni mwa watoto wangu wa kwanza.

"Mwalimu, sikiliza vizuri," alisema akinigonga kifuani kwa kidole. "Mimi nimekupa stoo mpaka huo mtihani. Mtoto wangu akiingia shule kubwa, kaa. Akikosa, hapa ndani naweka mahindi. Na wewe utarudi kufagia."

Tukapeana mikono. Nilijua kwamba stoo ikienda, mabenchi yanaenda, na watoto wanaenda, nami nabaki na magunia mawili ya kurudisha Tongaren na watu wa kuniuliza habari za kamasi.

Shida ya kwanza ilikuwa wazazi. Watu wa wakati ule walipima chekechea kwa masikio. Mzazi alipita barabarani, akasikia watoto wanaimba a, e, i, o, u, ba, be, bi, bo, bu mpaka mabati yanatikisika, akasema hapo kuna mwalimu. Shule yangu walipita wakasikia mashine tu. Ilianza kunguruma umande ukikauka, na tangu hapo hata ukipiga kelele sikioni mwa mtoto, alikutazama midomo tu. Kuimba hakukuwezekana. Mzazi mmoja alikuja mpaka mlangoni.

"Ticha, mbona hawaimbi?"

"Wanasoma kwa macho, mama."

"Kwa macho?"

"Kwa macho!" nilirudia kwa nguvu, maana hata yeye hakunisikia.

Aliondoka akitikisa kichwa. Lakini mimi nilishaona kwamba mashine ile, ambayo kila mtu aliniambia itaniua, ilikuwa inanisaidia. Mtoto wa Kitale alizoea kukariri. Ukimfundisha ukurasa kwa sauti, kesho atakusomea wote akiwa amefumba macho, na kitabu amekishika kichwa chini. Kwangu hakuwa na sauti ya kufuata. Ilibidi atazame.

Nilikata makatoni ya duka nikatengeneza kadi, neno moja kila kadi, kwa rangi nyeusi, upande usio na picha. Asubuhi, kabla mashine haijawashwa, niliwatajia kila neno; baada ya hapo kazi ilikuwa ya macho, nami nilisoma midomo yao. Na tukacheza. Tulicheza brikicho ya maneno: kadi zinafichwa nyuma ya mlango, chini ya benchi, ndani ya kofia yangu, na mtoto akiipata anaileta na kulisema neno. Tulicheza duka: karanga moja bei yake ni "hii", kipande cha muwa bei yake ni "sana", na muuzaji akikosea bei wateja wanamfukuza. Tulicheza lori la magunia, mchezo niliobuni mwenyewe kutokana na malori ya mahindi yaliyokuwa yanapanga foleni kwenye ghala la nafaka wakati wa mavuno. Kila mtoto ni gunia, ameshika neno kifuani. Dereva anaonyeshwa neno ubaoni, anakwenda kulipakia gunia lenye neno hilo na kulivuta mpaka ghalani. Akileta lisilo lake, karani analikataa. Kila mtoto alitaka kuwa karani, kwa ajili ya kukataa.

Mpaka Novemba walikuwa wanazijua kadi zote. Ukiinua tu, wanasema. Nilimwita mzee wa mashine aje aone. Nilimwalika pia mama wa kanisa, na wazazi wachache waliokuwa wanangoja kusagiwa wakaja na madebe yao kutazama. Mashine ilizimwa kwa heshima yangu. Niliinua kadi moja baada ya nyingine na watoto wakazisema kama mvua kwenye bati. Mama wa kanisa alipiga makofi. Mimi nilikunja mikono.

Mzee hakupiga makofi. Alichukua chaki mezani, akaenda kwenye mlango wa mbao, akaandika polepole kwa mwandiko wake wa kizamani: *hapa*. Akasimama pembeni.

"Hiyo ni nini?"

Watoto waliutazama mlango. Kisha wakanitazama mimi.

Akaandika *leo*. Akaandika *sana*. Maneno waliyoyasema muda mfupi uliopita. Mjukuu wake mwenyewe, yule asiyenyamaza, alinyamaza. Halafu kijana mmoja mdogo wa benchi la nyuma akauliza, "Ticha, kadi yake iko wapi?"

Watu wa madebe walicheka mpaka mmoja akaketi. Mzee alicheka pia, kisha akaacha. "Mwalimu," alisema, "hawa watoto wako wamejua makatoni." Akarudi kuwasha mashine. Siku iliyofuata watoto wawili hawakuja, na nilisikia wamepelekwa kwenye chekechea ya kuimba.

Mtu mwingine angefunga hapo. Mimi niliamka mapema, nikakaa kwenye kona ya darasa langu mwenyewe na kutazama, kama nilivyotazama Nairobi nikiwa na fagio. Niliwaachia watoto kadi wacheze wenyewe. Haukupita muda nikaona. Mjukuu wa mzee aliokota kadi, akaipeleka puani, akanusa, akasema, "Hapa!" Nikaichukua. Ilikatwa kwenye katoni ya sabuni. Nikazikusanya zote na kuzichunguza. "Leo" ilikuwa na doa la uji. "Na" ilikuwa na tundu la pini ya katoni, na watoto waliligusa kwa kidole kabla hawajasema. "Sana" ilinukia majani ya chai. "Yake" ilikuwa imetafunwa pembe. Watoto wale walikuwa na akili kuliko nilivyodhani! Walitafuta njia rahisi kama mtu yeyote mwenye akili, wakaipata, na neno lenyewe hawakuwa na haja nalo.

Nairobi kadi zilikuwa za kiwandani, nyeupe zote, sawa zote. Hakuna kitabu cha diploma kilichoandika habari za katoni ya sabuni. Jambo hilo nililigundua mimi, ndani ya stoo, Kitale.

Kadi zote nilizitia jikoni zikapika uji wa siku ile. Sasa nilikuwa na wiki chache, na sikuwa na kadi.

Unga ndio ulionisaidia. Kati ya ukuta na mabati palikuwa na nafasi, na mashine ikisaga, vumbi jeupe la unga liliingia darasani na kutua juu ya kila kitu. Kila siku nilikuwa nalipangusa kwa kitambaa, nikinung'unika. Asubuhi hiyo, nikiwa bado nimesimama na sufuria, niliona watoto wameinamia benchi wanachora ng'ombe kwa vidole kwenye unga. Nikaweka sufuria chini. Nikaandika pembeni mwa ng'ombe: *hapa*. Nikafuta kwa kiganja. Nikaliandika tena mwisho wa benchi, kubwa. Nikalifuta. Nikaliandika dogo, limeinama kidogo, kama limechoka. Neno lilikuwa lile lile, lakini halikuwa na harufu, wala doa, wala pembe. Lilikuwa na sura yake tu.

Tangu siku hiyo benchi la kanisa likawa kitabu chetu, na mashine ikatuletea ukurasa mpya kila siku. Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mwizi. Naandika maneno matano kwa kidole kwenye unga, pamoja na mapya kama 'mimi' na 'mama'. Mtoto mmoja anageuka kutazama ukuta. Mwizi anachaguliwa kwa ishara, anafuta neno moja, anarudi mahali pake na uso wa mtu mwema. Yule wa ukutani anageuka: ni neno gani limeibwa? Hawezi kunong'onezewa, kwa sababu mashine inanguruma. Lazima atazame yaliyobaki na akumbuke sura ya lile lisilokuwepo. Mtoto anayeweza kukumbuka sura ya neno ambalo halipo mbele yake, hilo amelijua. Mwizi naye alipaswa kuliandika tena alilofuta, kwa kidole chake, ndipo asamehewe. Kwa hiyo kila neno waliliona katika mikono ya kila aina, hata lililoandikwa vibaya mpaka likafanana na mguu wa kuku.

Lori la magunia tulilirudisha pia, lakini sasa neno liliandikwa kwa unga mgongoni mwa sweta. Akina mama wakaanza kulalamika.

"Mwalimu, huyu mtoto kila siku anarudi kama andazi!"

"Mgeuze umsome, mama."

"Nimsome nini?"

"Mgongoni ameandikwa 'leo'. Muulize mwenyewe."

Mama yule alimgeuza mtoto, akatazama, akamuuliza. Mtoto hakuweza kuona mgongo wake, lakini alijua alikuwa gunia gani. Akasema, kisha akaokota kijiti akaliandika chini, barabarani kabisa, mbele ya watu waliokuwa wanapita na baiskeli. Kesho yake mama alimleta na sweta lile lile, halijafuliwa.

Mzee wa mashine alichungulia dirishani siku moja akaona mabenchi. "Mwalimu, sasa unafundishia unga wangu?"

"Ni ule uliokataa kuingia kwenye gunia, mzee."

"Hm," alisema. Lakini niliona kwamba asubuhi zilizofuata aliwasha mashine mapema kidogo.

Januari ikafika. Mzee alivaa koti lake la mazishi na harusi, akamshika mjukuu mkono, tukaenda pamoja mpaka shule kubwa, wazazi wengine nyuma yetu kama maandamano. Mwalimu aliyekuwa anapima watoto alikuwa mama mmoja mrefu mwenye miwani, aliyechoka kabla ya saa ya chai. Alikuwa ameweka dawati barazani, na juu yake kipande cha gazeti. Watoto waliotutangulia, wa chekechea za kuimba, walifika hapo wakaanza a, e, i, o, u kwa sauti nzuri. Akawaambia, "Hapana, soma hapa," akionyesha gazeti, na wakaanza tena a, e, i, o, u.

Mjukuu wa mzee aliitwa. Nakiri kwamba macho yangu yalikuwa kwenye pua yake. Mzee alikuwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili. Ikiwa msichana yule angelinusa gazeti, mimi ningeanza kubeba mabenchi jioni ile ile.

Hakulinusa. Aliliinamia, akaweka kidole, akasema, "Na." Kidole kikatembea. "Ya." Kikatembea. "Kwa. Hapa. Ya, tena. Sana. Ni."

Mwalimu wa miwani aliinua kichwa. "Mbona mengine unayaruka?"

"Hayo bado hatujacheza," msichana alisema.

"Hamjafanya nini?"

"Hatujacheza. Ticha hajaweka kwa unga." Na kwa kuwa ni yeye, akaendelea: jinsi mwizi anavyofuta, jinsi karani anavyokataa gunia, jinsi fulani alivyolia kwa kukataliwa. Mwalimu alivua miwani. Alichukua chaki, akaandika kwenye sakafu ya saruji, kwa mwandiko ambao mtoto yule hakuwahi kuuona: *leo mimi ni hapa kwa mama yake*. Sentensi isiyo na maana yoyote, kwa makusudi. Msichana aliisoma yote, neno kwa neno, kisha akasema, "Lakini wewe si mama yangu."

Mama yule alicheka mpaka akaita wenzake kutoka ofisini. Wakaja wakawapanga watoto wangu wote mbele ya sakafu ile. Waliandika, watoto wakasoma. Waliandika tena, wakasoma. Wote walichukuliwa isipokuwa mmoja, ambaye siku hiyo alikataa kabisa kufungua kinywa, hata kwa biskuti. Alirudishwa wiki iliyofuata, akasoma, naye akachukuliwa. Mzee wa mashine alivaa kofia yake. Alinishika mkono akautikisa kwa muda mrefu bila kuniangalia. "Kaa," alisema. Lilikuwa neno moja tu, na lilinitosha.

Sitajifanya sikufurahia yaliyofuata. Jirani aliyeniuliza habari za kamasi aliniletea watoto wake wawili, wote wanatoa kamasi, nami niliwafuta mbele yake kwa kitambaa safi. Watoto wakajaa mpaka tukawa tunacheza kwa zamu. Wazazi waliokosa pesa walilipa kwa walichonacho. Fundi seremala alileta madawati, na baba mmoja mkulima wa Saboti alileta mahindi makavu kila msimu. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa na kiwanja changu mwenyewe, kando ya barabara ya kwenda Saboti, na madarasa mawili ya mabati. Kisha nikaalikwa Bungoma mjini kuwafundisha walimu wa chekechea ndani ya ukumbi mmoja wa kanisa. Akina mama waliponiona walitazamana, mmoja akasema kwa sauti, "Huyu ndiye mwalimu? Si tulifikiri ni dereva." Kufikia chakula cha mchana walikuwa wanaibiana maneno na kusukumana kama watoto, vitambaa vya kichwa vimejaa unga. Wiki chache baadaye waliniita tena, na safari hii walinisubiri barabarani. Darasa la Bungoma lilianza mwaka huo huo, na mmoja wa akina mama wale ndiye niliyemkabidhi.

Hapo ndipo nilipoamua kulipa. Sikutaka kulipa kidogo kidogo, mtu mmoja leo na mwingine mwezi ujao. Nilitaka siku moja, wote, na nilichagua Jumamosi ya likizo baada ya mavuno.

Nilianza asubuhi na mabenchi. Fundi alikuwa ameyapiga randa, akabadilisha miguu iliyolegea, na juu yake niliongeza mawili mapya. Mama wa kanisa aliyapapasa, akaketi kwenye moja jipya kulijaribu, akasema, "Mwalimu, haya hayatanichania nguo tena." Kutoka hapo nikaenda stoo. Nilikuwa nimeipaka chokaa ndani na nje na kuziba ile nafasi chini ya mabati. Mzee aliitazama, akauliza sasa unga utapitia wapi. Nikamwambia utabaki kwenye gunia lake. Alisikitika kidogo, nafikiri. Mwenye duka nilimpelekea debe jipya la rangi ya mafuta na katoni nzima ya chaki. Aliipokea chaki, akavunja kipande kimoja, akaniwekea mfukoni. "Ya barabarani, mwalimu," alisema, na akaniagizia chai.

Adhuhuri nilipanda lori la mkulima wa Saboti na magunia mawili, tukaenda Tongaren.

Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye baraza. Aliyaona magunia yakishushwa, hakusimama. Yalipowekwa mbele yake alifungua moja, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mahindi ya katikati, akatia punje moja kinywani na kuiuma. Ilipasuka kwa sauti.

"Imekauka," alisema.

"Imekauka, baba."

Akalifungua la pili, akafanya vile vile. Mama mdogo alikuwa ameshamkamata jogoo na alikuwa anazunguka naye nyuma ya nyumba.

"Hiyo shule iko?"

"Ziko mbili. Kitale na Bungoma."

Alitafuna punje ile mpaka ikaisha. "Mimi nilisema utafunga."

"Ulisema, baba."

"Nilisema mbele ya watu."

"Walikuwepo wengi."

"Basi nitaenda kuwaambia." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Na mwaka ujao unataka ngapi? Sema tu. Manne? Matano?"

"Sitaki, baba. Nashukuru."

"Hutaki?"

"Sina haja."

Alinitazama sasa, kwa mara ya kwanza siku ile, kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akamwambia mke wake aharakishe huyo jogoo, mwalimu ametoka mbali. Mama mdogo akanitandikia mkeka barazani. Nikavua viatu, nikajinyoosha, na kabla harufu ya kitoweo haijanifikia nilikuwa nimelala usingizi mzito, mchana kweupe, mtu ambaye hadaiwi na yeyote.